Teke la Kumi na Moja

Tulianza kwa kuhamisha kuku.
Yule mwekundu alikuwa ametaga juu ya kiti,
pale sponji ilipochanika, mayai manne, bado yana joto,
akatutazama kama mpangaji anavyowatazama
watu waliokuja kudai kodi ya mwaka juzi.

Misimu sita ya mahindi boksa imelala bandani,
imefunikwa chandarua kilichotoboka
na gunia la mbolea.
Sikuiuza. Waliokuja kuuliza bei niliwaambia, njooni Alhamisi.
Alhamisi ni nyingi.

Minayo ameshika spana namba kumi na nne.
Amemaliza kidato cha nne, anangoja matokeo,
kucha zake zina rangi ya zambarau iliyomeguka.
Mimi nimekaa juu ya debe, mguu nimeunyoosha mbele.
Ninasema, yeye anafungua.

"Kizibo cha chini kwanza. Taratibu, kina kutu.
Mimina."
Petroli ikatoka nzito, rangi ya chai iliyolala,
inanuka vanishi, inanuka jeneza jipya.
"Usivute hewa yake," nikamwambia.
Alikuwa ameshaivuta.

Kabureta tuliilaza kwenye sufuria ya mafuta taa.
Jeti imeziba; tukaizibua kwa uzi mmoja wa waya wa klachi,
mwembamba kama unywele wa mtoto.
Panya wamekula waya wa taa ya nyuma, wakauacha wa mbele.
Nani ajuaye panya huchagua vipi.
Kwenye bomba la moshi nyigu wamejenga
kwa udongo wetu huu mwekundu wa Maragoli
vyumba vidogo vidogo, vimenyooka kuliko ukuta wa jikoni.
Tulivibomoa kwa kijiti, tukadhani vimekwisha.
Plagi nyeusi tii. Akaisugua kwa msasa
mpaka ikang'aa kama jino.

Lile tope chini ya tangi hatukulizungumzia.
Lilikuwa la kona ya Chavakali, la jioni ile ya mvua,
limekauka na jani moja la mkaratusi ndani yake.
Alilibandua kwa bisibisi
akaliweka juu ya jiwe. Hakulitupa.

Breki. Cheni na oili chakavu.
Hewa ya tairi kwa pampu ya Keverenge,
ambayo nusu inajaza, nusu inampulizia mwenyewe usoni.
Petroli mpya, lita moja, kwenye chupa ya maji.

Ikabaki kiki.
Kiki iko kulia. Mguu wangu wa kulia una skrubu saba,
hujua mvua itanyesha kabla ya vyura.
Nikasimama. Nikakaa.
"Panda," nikasema.

La kwanza, kimya. La pili, kimya chenye mchanga.
La tatu kiki ikamrudi, ikamgonga ugokoni,
akatoa tusi nililojifanya sikulisikia.
"Vuta choki."
"Nimevuta, baba."
"Basi punguza."
La sita. La nane. Harufu ya petroli kila mahali:
imekunywa kupita kiasi, iache ipumue.
La kumi, kama mtu aliye karibu kulitaja jina
kisha likamponyoka.

La kumi na moja,
mabaki ya nyumba ya nyigu yakaruka hadi kwenye sukuma,
moshi mweupe ukajaa banda, kuku wakatawanyika,
na boksa ikanguruma, ikasita, ikajikaza, ikanguruma.
Minayo alicheka mdomo wazi,
kicheko chake hakikusikika.

Vugutsa akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi, mrenda unachuruzika.
Hakututazama.
Alitazama chini barabarani, kwenye kona ya kisima,
pale taa yangu ilipokuwa ikichomoza saa tatu usiku.
Akasimama hivyo, kiganja juu ya paji la uso,
kama mtu anayemngoja mtu afike.

Nilikuwa hatua nne nyuma yake.
Nikataka kumwita.
Minayo akaongeza mafuta.